Mkongo, Papa na Shangazi Yangu

Katika ukoo wetu mimi ndiye msemaji wa Mark Zuckerberg. Sikuomba cheo hicho, na mwenyewe hajui kwamba ana mwakilishi Tanga. Kilinijia siku simu ya Shangazi ilipoganda katikati ya maandalizi ya arusi, nikaizima, nikaiwasha, ikafanya kazi. Waliokuwepo wakatazamana. Babu mmoja akasema, "Huyu kijana amesoma." Tangu hapo chombo chochote chenye kioo kikileta shida popote duniani, mimi ndiye ninayetakiwa kutoa maelezo, na natakiwa kuyatoa kabla chai haijapoa.

Kazi yangu ya kweli ni kufundisha jiografia sekondari. Mvua za masika nazijua, Bonde la Ufa nalijua. Hilo halimsaidii mtu ambaye video yake imegoma kufunguka.

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, kiasi cha saa 12 na dakika 40 jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa mpigo dunia nzima. Shangazi akanipigia simu ya kawaida, jambo lililonitia hofu lenyewe, maana Shangazi akikubali kutumia salio lake ujue kuna msiba.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona mmezima Wasapu?"

"Sijazima mimi, Shangazi."

"Basi waambie hao wenzio wawashe. Nilikuwa katikati ya kumjibu mtu."

Wenzangu hao walikuwa California, na siku ile walikuwa na balaa lao. Walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida. Amri moja iliyokusudiwa kupima uwezo wa njia zao kuu ikaishia kukata mawasiliano kati ya vituo vyao vyote vya data. Ilikuwepo programu ya kukagua amri za namna hiyo na kuzizuia, ila nayo ilikuwa na kasoro, ikaipitisha. Seva zinazoutangazia ulimwengu anwani za Facebook zikaona zimetengwa, zikaacha kutangaza, na kampuni nzima ikawa ipo lakini haipatikani. Nyenzo zao za kurekebisha mambo kutoka mbali zilipita njia hizo hizo zilizokatika. Ikabidi mafundi waende wenyewe hadi vituoni, na huko wakachelewa mlangoni kwa sababu ya ulinzi mkali ambao kampuni yao yenyewe iliuweka.

Haya nilikuja kumweleza Shangazi baadaye, kwa urefu, maana mwalimu hajui kufupisha. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo wamejifungia nje, funguo ziko ndani."

"Ndivyo hasa."

"Na hawana jirani mwenye funguo za akiba?"

Nimesoma uchambuzi wa wahandisi kadhaa juu ya usiku ule, wenye michoro na mishale, na hakuna uliolifikia swali hilo kwa haraka namna hiyo.

Kijiweni kwetu Ngamiani, tunakonywa kahawa baada ya Isha, maelezo yangu hayakupata bahati. Kijana anayeuza chaja alikuwa na yake: wamezima ili wafute ushahidi. Sikumcheka, maana kwa tarehe alikuwa vizuri. Usiku wa kuamkia siku ile Frances Haugen, mfanyakazi wa zamani wa Facebook, alikuwa ametokea kwenye televisheni ya Marekani akajitambulisha kuwa ndiye aliyetoa nyaraka za ndani za kampuni. Mtu mwenye njama asingeweza kupanga saa nzuri zaidi ya ile. Nikasema ni amri tu imekosewa kwenye matengenezo. Wakanitazama kwa huruma. "Kalipwa huyu," akasema muuza chaja, na muuza kahawa akaongeza kwamba kama nimelipwa basi nilipe na deni la vikombe.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi yangu. Ukweli wa mambo ya teknolojia mara nyingi unachosha kuusimulia. Ni amri iliyokosewa, ni programu iliyopitiwa na usingizi, ni mtu aliyebonyeza kabla ya kusoma. Ukiupeleka kijiweni ukae kando ya njama, hakuna atakayeusogezea kiti.

Lakini hayo yote yalikuwa mazoezi. Mtihani wenyewe ulikuja Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano ilipokatika baharini, kaskazini ya Durban. Mmoja ni Seacom, ulioanza kazi 2009, na wa pili EASSy, wa 2010. Yote miwili inapita pwani yetu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hata ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga milango kwa wageni siku mbili kwa sababu ya mtandao. Niliposikia hilo nilifarijika isivyo kawaida. Ikiwa Marekani wenyewe wamekaa wanatazama kiduara kinazunguka, mimi ni nani?

Faraja haikudumu, kwa kuwa ndiyo wiki tuliyokuwa tunamalizia michango ya sendofu ya binti wa Shangazi.

Tuna mjomba Muheza ambaye huandika ujumbe kwa vipande. Neno, anatuma. Maneno mawili, anatuma. Sijui nani alimwambia kwamba ujumbe unalipiwa kwa urefu. Siku ile, mtandao ukiwa unakuja na kuondoka, mjomba alikusudia kuliambia kundi la ukoo hivi: Sitachanga. Elfu hamsini. Kama wengine. Nitachanga laki mbili. Kilichofika ni "Sitachanga". Kisha mtandao ukalala.

Kundi halikulala. Waliokuwa wanapata mawimbi kidogo waliyatumia vizuri. Mtu akaandika kwamba hakushangaa. Mwingine akakumbusha habari ya gunia la mahindi ambalo mimi nilidhani tulishalizika pamoja na marehemu bibi. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mtu wa vitendo, akamtoa mjomba kwenye kundi. Kwa hiyo mtandao ulipomrudia mjomba kule Muheza, laki mbili zake zilikuja zikakuta mlango umefungwa. Akanipigia.

"Baba, hii intaneti yenu imenifukuza kwenye ukoo."

Nilieleza habari za mkongo. Nilieleza kwa mjomba, nikaeleza kwa mwenyekiti, nikaeleza kwa Shangazi, ambaye alitaka kujua kwa nini waya wa sendofu ya mwanawe upite Afrika Kusini wakati ukumbi uko Chumbageni. Swali halali, na jibu lake lilinipa taabu. Mjomba alirudishwa kundini, na ujumbe wake wa kwanza baada ya kurudi ulikuwa: "Sina". Tulishika roho. Baada ya muda ukaingia wa pili: "kinyongo".

Kijiweni jioni ile hapakuwa na mjadala, palikuwa na hukumu. Mkongo umeliwa na papa. Muuza chaja alikuwa na video kwenye simu, papa anauma waya chini ya maji, na video ni ya kweli, ilizunguka sana mwaka 2014 watu walipokuwa wanasimuliana kwamba Google inaivika mikongo yake ngozi ngumu. Mimi nikatoa somo. Nikasema mkongo katika kina kirefu una unene wa mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake nyuzi za kioo nyembamba mno. Nikasema kati ya asilimia 70 na 80 ya hitilafu za mikongo duniani hutokana na shughuli za watu, hasa nyavu za uvuvi na nanga za meli, na kwamba papa hana hata sehemu ya kutajika. Nikawapa na mfano wa karibu: Februari mwaka ule ule meli Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi katika Bahari ya Shamu, mabaharia wakaiacha, ikaelea huku inaburuta nanga, na inaaminika nanga hiyo ndiyo iliyokata mikongo mitatu.

"Nanga," akasema muuza chaja, na kwa namna alivyolitamka nikajua nimeshindwa. Papa ana meno. Nanga ina nini?

Nikapata mtetezi nisiyemtarajia. Pana mzee mmoja tunamwita Nahodha, aliyekuwa akiendesha jahazi kati ya Tanga, Pemba na Mombasa hadi magoti yalipokataa. Akaweka kikombe chini. "Mwalimu anasema kweli. Mimi mwenyewe nanga yangu iliwahi kushika waya kwenye mkondo wa Pemba. Mweusi, mnene. Nikauvuta ukaja juu, nikautazama, nikauachia."

Kimya. Kisha kijiwe chote kikamgeukia.

"Kumbe ni wewe!"

Nahodha akajitetea kwamba ilikuwa zamani, kabla Mwalimu Nyerere hajang'atuka, na kwamba Jumapili ile alikuwa kwenye khitma, mashahidi wapo. Wapi. Mtu akishakiri waya mmoja, wa pili anabebeshwa. Ukazuka na uchunguzi: kama ni kabla ya 1985, na mikongo hii imekuja 2009, basi mzee alivuta nini? Ama muongo, ama mharibifu, achague.

Nikamwonea huruma nikaingilia kwa jambo nililowahi kulisoma, kwamba waya wa simu za maandishi ulifika Unguja 1879, wakati wa Sayyid Barghash, ukitokea Aden na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Durban ile ile. Nilikusudia tu kumpa mzee upenyo wa kutokea. Nahodha akakaa sawa kwenye kiti. Macho yake yakapata nuru ambayo sikuwahi kuiona, hata Simba wakifungwa.

"Barghash," akasema taratibu. "Nilijua tu. Ulikuwa na muhuri."

Mikongo ilitengenezwa. Meli ya kazi hiyo, Léon Thévenin, iliyoundwa 1983 na ambayo maskani yake ni Cape Town, ndiyo inayohudumia pwani hii ya Afrika. Hukokota ndoana chini ya bahari, ikaunasa mkongo, ikaupandisha, na mafundi wakakaa kuunga nyuzi moja moja. Kazi ya subira na ustadi, ya kupigiwa makofi. Kijiweni haikupewa hata dakika moja, kwa sababu wakati huo Nahodha alikuwa ameshafika mahali ambapo Sayyid mwenyewe anatajwa kwa salamu.

Na kwa sababu habari mpya ilikuwa imeingia. Wiki ile ile ya mkongo wetu, Google ilikuwa imewafungulia Wamarekani majibu ya akili mnemba juu ya matokeo ya utafutaji. Muda si mrefu picha za majibu hayo zikatapakaa. Aliyeuliza afanyeje jibini isiteleze kwenye pizza alishauriwa aongeze gundi isiyo na sumu kwenye mchuzi. Mwingine akaambiwa wanajiolojia wanapendekeza kula jiwe dogo walau moja kwa siku. La gundi lilitoka kwenye mzaha mtu alioutupa Reddit miaka 11 nyuma. La jiwe lilitoka kwa The Onion, gazeti la Marekani ambalo kazi yake yote ni utani.

Picha ya jiwe ilimfikia Shangazi, na Shangazi akanifikia mimi, safari hii si kwa niaba ya Zuckerberg.

"Nyie walimu wa jiografia, ndiyo mmeanza kulisha watu mawe?"

Nikamwambia mashine imechukua utani ikaufanya ushauri wa daktari. Hakuona cha kushangaza. Lililomkera ni kipimo.

"Jiwe moja kwa siku ndiyo habari ya kuzunguka dunia? Mimi kwa mimba ya huyu binamu yako udongo wa soko la Mgandini niliumaliza. Hakuna aliyenipiga picha."

Hapo sikuwa na la kujibu. Vijiti vile vya udongo wa kula vipo sokoni mpaka leo, vimepangwa jirani na tangawizi, na wajawazito hawajawahi kusubiri ruhusa ya California.

Wenye mashine walichekwa mwezi mzima kwa kuamini kila kilichoandikwa. Mimi sikucheka sana, maana nimelelewa na kundi la ukoo. WhatsApp iliweka alama ya mishale miwili kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi, ili mtu ashtuke kidogo kabla ya kuamini. Shangazi anaisoma kinyume. "Huu una mishale miwili," husema, "umeshakaguliwa." Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo haupelekwi ila kwa mtu au kundi moja kwa wakati. Wahandisi walitegemea watu watachoka. Hawakumjua Shangazi. Anakaa barazani baada ya Alasiri, miwani puani, anawapelekea mmoja mmoja hadi Magharibi inaadhiniwa.

Juzi Nahodha alinisubiri nje ya msikiti. Amesikia kutoka kwa muuza chaja kwamba mashine hizi zinasoma kila kinachoandikwa, na zikishasoma zinawajibu watu wa dunia nzima. Akataka kujua kama ni kweli. Nikasema kwa kiasi kikubwa, ndiyo.

"Basi andika," akasema, akinishika mkono. "Andika kwamba waya wa Sayyid Barghash niliupandisha mimi, peke yangu, kwa mikono hii."

Nikamwambia nitaandika.

"Na papa alikuwepo."