Ukiambiwa "Tukutane Karen"

Ukiambiwa "tukutane Karen", usiondoke nyumbani kabla ya kuuliza: Karen gani? Aliyekuita atajibu "Karen, bwana," kwa sauti ya mtu mwenye gari lake. Usikubali. Huko, katika mtaa huo wa Nairobi, kuna Karen Hospital, Karen Country Club, Karen Road, kituo cha polisi cha Karen, wadi ya Karen, The Hub Karen na makumbusho ya Karen Blixen. Kutoka moja hadi nyingine ni ua mrefu, kisha ua mwingine, na bawabu ambaye naye anaishi mbali na hapo.

Shida huanzia kwenye matatu. Namba 24 hushika Barabara ya Lang'ata. Namba 111, ya kwenda Ngong, hushika Barabara ya Ngong. Makanga wote wawili wanaita "Karen! Karen!" na wote wawili wanasema kweli. Lakini hospitali iko upande wa Lang'ata. Mgonjwa aliyepanda 111 atashushwa madukani, akabidhiwe kwa mwenye boda anayepanga nauli kwa kutazama viatu vya abiria.

Redioni pia kuwa macho. William Ruto alipokuwa Naibu wa Rais, kati ya 2013 na 2022, ujumbe baada ya ujumbe "ulikwenda Karen", na wala haukwenda kucheza gofu. Makao rasmi ya naibu wa rais yako huko, basi katika siasa Karen inaweza kununa, kuahidi, hata kukosana na Ikulu. Yupo pia Seneta Karen Nyamu. Huyo ni mtu, hana steji. Na ukiitafuta Karen kwenye intaneti, utaletewa Wakaren wa Myanmar, au wanawake wa Marekani wanaodai kuonana na meneja. Rudi nyuma, hao hawakuhusu.

Sasa tuje kwa mwenye jina, na hapo ndipo wageni wengi huzama. Karen Dinesen, Mdenmark, alifika Mombasa Januari 1914 akaolewa hapo hapo na Bror Blixen, baroni wa Uswidi. Mwaka 1916 fedha za jamaa za Karen zikaunda Karen Coffee Company, na mwenyekiti akawa mjomba wake, Aage Westenholz. Mjomba naye alikuwa na binti aitwaye Karen. Je, kampuni ilibeba jina la mpwa au la binti? Karen Blixen mwenyewe, aliyekuja kuwa mwandishi, aliandika kwamba mtaa umeitwa kwa jina lake, na wapo wanaoshikilia kuwa ni la binti. Mimi naona mjomba alijua alichofanya: aliwaridhisha wawili kwa kibao kimoja. Ukiulizwa swali hili kwenye karamu ya Karen, sifu chakula.

Kahawa ilipandwa juu mno, kwenye baridi, na kufikia 1931 shamba lilikuwa limeuzwa na Blixen amerudi kwao. Wakikuyu walioishi humo, baada ya yeye kuwaombea serikalini, walipelekwa Dagoretti. Mnunuzi akakata viwanja. Jina la kampuni iliyofilisika likabaki kwenye ramani, na leo pengine bei ya kiwanja kimoja ingetosha kulipa madeni yote ya kahawa.

Ukidhani kutumia ukoo badala ya jina kutakuokoa, pole. Bror alioa mara tatu. Baada ya talaka ya 1925 alimwoa Jacqueline Birkbeck mwaka 1928, basi Kenya ikawa na Baronesi Blixen wawili kwa wakati mmoja, katika jamii ndogo ya walowezi ambamo kila mtu alijua nani amekaa meza ya nani. Wa tatu, Eva Dickson, alikufa kwa ajali ya gari karibu na Baghdad mwaka 1938. Kwa hiyo ukisoma kwamba Baronesi Blixen alifanya hiki au kile, tazama mwaka kwanza. Dukani nako kitabu kimoja cha Karen utakikuta kimeandikwa Karen Blixen, na kingine, hasa kilichochapwa Marekani, Isak Dinesen. Usinunue vyote viwili ukidhani umepata waandishi wawili.

Makumbusho yalifunguliwa 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Meryl Streep kuhusu maisha ya Blixen. Nyumba ni ile ile aliyoishi Blixen, lakini usimwambie mwenzako "hapa ndipo walipopigia picha": filamu ilitumia nyumba yake ya kwanza, ya Mbagathi. Na usimsumbue mwongoza wageni kwa kuulizia kaburi la Blixen. Lililoko milimani Ngong ni la Denys Finch Hatton, rafiki yake, aliyeanguka na ndege Voi mwaka 1931. Blixen mwenyewe alizikwa 1962 nyumbani kwao Rungsted, Denmark, na nyumba hiyo nayo, tangu 1991, ni makumbusho ya Karen Blixen. Kwa hiyo ukikata tiketi kwa simu, hakikisha bei iko kwa shilingi, si kwa kroni.