Namna ya Kuilinda Bustani ya Umma Isiguswe na Umma

Hongera, Mheshimiwa Meneja. Umekabidhiwa bustani ya mapumziko katikati ya Nairobi: ekari kadhaa za nyasi, miti iliyopandwa kabla hujazaliwa, kidimbwi cha boti, bembea tatu ambazo mbili hazibembei, na askari wenye marungu. Kabla hata hujaonyeshwa ufunguo wa stoo uko wapi, elewa kwamba adui wa bustani si ukame wala mchwa. Ni mwananchi. Huja na viatu.

Anza na bango. Bango la kazi halisemi "Karibuni", linasema "Ni marufuku". Marufuku kukanyaga nyasi, kulala, kuuza, kuhubiri, kuchuma maua, kucheza mpira, kupiga picha bila kibali. Ukimaliza orodha na bado kuna nafasi chini, ongeza "kuzurura". Askari hulipenda sana kosa hilo kwa kuwa halihitaji ushahidi. Hata mtu aliyekaa kitako anaweza kushikwa kwa kuzurura. Bango lipakwe rangi kila mwaka wa fedha. Bembea zitangoja.

Kisha wajue wavunja sheria wako. Wa kwanza ni mpiga picha, yule mzee mwenye kamera shingoni na picha za mfano zilizobandikwa kwenye kadibodi. Anajua hasa pembe ambayo jumba la KICC litatokea nyuma ya mtoto aliyevalishwa nguo za Krismasi, na albamu za nusu ya jiji zimetoka mikononi mwake. Mdai leseni. Yuko pia mhubiri wa saa saba mchana, anayewahubiria watu ambao hawakuja kumsikiliza bali wamekosa pesa za chakula. Hao wasikilizaji ndio kundi kubwa zaidi: vijana waliolala chali chini ya miti, bahasha ya kaki yenye vyeti imewekwa kifuani isipeperuke, wamezunguka ofisi za mjini tangu asubuhi na viatu vimewabana. Waamshe. Bustani ya mapumziko si mahali pa kupumzika ovyo. Muuza mayai ya kuchemsha na kachumbari msukume hadi nje ya lango, halafu umsukume tena kutoka langoni. Na ukiona wazee wamekusanyika wakibishana siasa, kama wafanyavyo Jeevanjee Gardens kila mchana, usisogee karibu. Watakuuliza bajeti yako.

Walioshinda bango ni kima wa City Park peke yao. Hunyakua ndizi mkononi mwa mtoto mbele ya askari na kupanda nayo mtini. Waache. Hawajui kusoma, na hawana mifuko ya kupekuliwa.

Choo kifunge. Choo kilichofungwa hakichafuki, na ripoti yako ya robo mwaka itasomeka vizuri.

Mikutano ya hadhara ndiyo mtihani. Tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilitangazwa rasmi pale Uhuru Park, umati ukafurika kila kona. Katika Katiba hiyo kuna kifungu cha 37 kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani. Nyasi, ambazo siku hiyo zilipondwapondwa ili haki hiyo ipatikane, hazikuombwa maoni. Meneja makini hujifunza hapo kwamba uhuru na nyasi havipatani, naye huchagua upande mapema.

Dawa ya yote haya ni ukarabati. Hakuna anayeweza kupinga ukarabati. Ni kama kupinga sabuni. Zungusha mabati, weka picha ya rangi inayoonyesha chemchemi na familia isiyofanana na familia yoyote unayoijua, kisha tangaza tarehe ya kufungua ambayo hakuna atakayeikumbuka. Uhuru Park ilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2021, watu walijifunza kuizunguka kama wanavyozunguka shimo la barabarani. Huo ndio utaratibu. Mwananchi akikaa nje muda wa kutosha huacha kuuliza ndani kuna nini.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, maana kukimbizana na wauza mayai ni mazoezi tu. Siku moja atakuja mgeni, michoro imekunjwa chini ya kwapa. Atasimama katikati ya bustani yako, atazame kushoto na kulia, aseme: "Hapa pamekaa bure." Mtu wa aina hii ana nasaba ndefu nchini. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 imejaa ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria: misitu, viwanja vya michezo, hifadhi za barabara, hata vyoo. (Unaona sasa kwa nini nilisema kile cha kwako kizoee kufungwa.)

Wenzako waliotangulia walikosea kwa kumruhusu mgeni aje wakati watu bado wamo ndani. Tazama kilichotokea 1989. Kampuni ya magazeti ya chama tawala ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, lenye ofisi, maegesho na sanamu ya Rais. Lilikuwa jambo la heshima kabisa. Akatokea Wangari Maathai na kalamu yake, akaandika barua kila mahali, mpaka kwa Balozi wa Uingereza kuuliza kama wao wangekubali kujengewa hivyo Hyde Park. Wabunge wakamtukana bungeni. Mahakama ikamwambia hana haki ya kushtaki. Shirika lake likafurushwa katika ofisi ya serikali. Mtu mstaarabu angeelewa, yeye akaendelea, wafadhili wa ng'ambo wakaingiwa na baridi, na jumba halikujengwa. Miaka miwili baadaye Jeevanjee nayo ilitafutiwa maegesho ya ghorofa. Zarina Patel, mjukuu wa aliyeitoa bustani hiyo kwa jiji, akakataa, naye akapata wa kumuunga mkono.

Na mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye pembe ya Uhuru Park wakigoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Walipovamiwa na polisi, baadhi yao walivua nguo. Pembe ile bado inaitwa Freedom Corner, na hakuna bango linaloweza kuibadilisha jina.

Tatizo ni lile lile kila mara. Mtu aliyekanyaga nyasi Jumapili zote za utoto wake huota kiburi cha mwenye shamba. Amepigwa picha pale, ameposea pale, amelala pale akiwa na njaa, basi akisikia imeuzwa anahisi ameibiwa yeye. Mambo yamekuwa mabaya zaidi kwa wageni wetu wenye michoro: tangu 2010, kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Yeyote! Hata yule muuza mayai.

Kwa hiyo ufanye kazi yako polepole na kwa bidii. Mpiga picha kwanza, walalaji, wazee wa siasa, watoto wa bembea, mpaka abaki askari na bango. Mgeni akipiga simu kutaka kuja kuona kiwanja, mpangie Jumanne saa tatu asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku. Akisisitiza aje Jumapili alasiri, mwambie una msiba. Jumapili alasiri haonyeshwi mtu mahali pale, panaonekana wazi kwamba pana wenyewe.