Pasaka Mchanga, Idi Dagaa

Ukiishi Iringo na ukoo wako ukawa umetawanyika Dar, Arusha na Dodoma, basi kila likizo wewe ni afisa utalii usiye na mshahara. Simu zinaanza mapema: "Mjomba, tunakuja. Bichi nzuri hapo Musoma ni ipi?" Wanauliza kwa wepesi, kama mtu anayeulizia duka la nyembe.

Nzuri kwa nani? Hapo ndipo hawataki kuulizwa. Basi moja linashusha kijana anayetaka picha, shemeji anayetaka bia ya baridi na muziki, shangazi aliyekuja na wajukuu, na binti mmoja mkimya mwenye kitabu kwapani. Wote wanataka bichi moja, na jioni wakirudi wote wananitazama mimi, utadhani ule mchanga niliumwaga mwenyewe.

Anayenichosha zaidi ni shemeji. Kichwani ana Coco Beach na mihogo yake, hivyo lolote lisilofanana na hapo ni kasoro. Kwanza alionja maji, akatema. "Mbona hayana chumvi?" Shemeji, hili ni ziwa. "Na yanakupwa saa ngapi?" Hayakupwi, shemeji. Nikamkumbusha kwamba huko Paje na Jambiani, Unguja, unaweza kusinzia kidogo ukaamka bahari imeshaondoka, ukaanza kutembea kwenye mwani kuitafuta. Ndiyo maana wanaotaka kuogelea saa yoyote huambiwa waende Nungwi au Kendwa. Ziwa Victoria halina papara hizo. Likitaka kupungua linapungua kwa miaka, na likitaka kujaa, usiombe. Mwaka 2020 lilivunja rekodi liliyoiweka mwaka 1964, likameza mchanga, vibanda na viti vya watu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilishasema mita 60 kutoka ukingoni zisiwe na shughuli za kudumu. Tulikuwa tunaijadili sheria hiyo tukiwa tumekaa ndani ya hizo mita 60, tukisubiri sato wa kukaanga. Ziwa lilipochoka kusubiri serikali, likaja kuitekeleza lenyewe.

Kijana wa picha hana shida. Dar jua linachomoza baharini, saa ambayo vijana wa umri wake wamelala. Kwetu linazama ziwani, muda ambao hata mvivu yuko macho. Mpeleke saa kumi na mbili jioni kwenye yale mawe makubwa ya ukingoni, mwache apande, ukae chini umshikie viatu. Ikikaribia saa moja jua limekwisha, na yeye yuko hoi kwa kutafuta mtandao.

Shangazi ndiye wa hatari, kwa sababu anachagua kwa busara. Anataka kijighuba kilichotulia, maji yasiyo na mawimbi, matete kidogo pembeni, wajukuu wasisombwe. Kwa maneno mengine, shangazi anatafuta nyumbani kwa konokono wa kichocho. Vijidudu vinatoka kwenye hao konokono, hasa jua likiwa kali mchana, vinaelea majini vikisubiri ngozi ya kupenya, na ngozi laini ya mtoto wa likizo haina kizuizi. Na hayo hayo matete anayoyasifia, kiboko naye anayajua. Mchana amezama humo, usiku anatoka kula majani bila kumuomba mtu njia. Nilimwambia: shangazi, tafuta mahali pa wazi, penye mchanga na mawimbi, pasipo na matete, watoto waingie asubuhi na si saa saba, na miezi miwili baada ya kurudi kwenu wapimwe, dawa ipo. Akanijibu, "Kumbe umetuleta kwenye magonjwa?" Mimi sijamleta mtu. Nauli mmelipa wenyewe.

Binti wa kitabu namhurumia. Ukimya Musoma mjini siku ya sikukuu haupatikani kwa fedha yoyote. Ukikimbia spika ya baa hii unaangukia ya baa ile, na ukiamka mapema unakuta kwaya iko majini inabatiza. Yeye namuelekeza kisiwa cha Lukuba, avae jaketi la kuokolea na asione haya kulivaa. Walioko Bunda wana Ghuba ya Speke, lakini huko mamba si mgeni, na ushauri wangu ni kiti kiwe mbali na maji. Butiama nako kuna watu wanatoka kuzuru kaburi la Mwalimu wakaniuliza bichi ya pale iko wapi. Pale kijijini ni vilima na mawe! Mwalimu mwenyewe mwaka 1934 alilifuata ziwa huku Mwisenge, na alifuata shule.

Lakini haya yote ni madogo. Jambo ambalo wageni wangu hawalielewi, na nimelieleza mpaka koo limekauka, ni kwamba kwetu huulizi bichi ipi. Unauliza mwezi uko wapi.

Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haina maana usiku wa mbalamwezi. Kwa hiyo usiku wa giza mitumbwi yote iko ziwani, taa zimetapakaa utadhani kuna mji wa pili huko ng'ambo, na kukipambazuka ule mchanga uliouona kwenye picha haupo. Umefunikwa. Dagaa wameanikwa kuanzia kwenye maji mpaka kwenye mizizi ya miti, wengine juu ya nyavu, wengine kwenye chanja, wengi wao chini kabisa mchangani. Akina mama wanapita wakiwageuza kwa reki, kunguru na korongo wanapanga hujuma, na harufu inakupokea kabla hujashuka kwenye bodaboda. Shemeji alitokea hapo na kaptura nyeupe na taulo shingoni, akakatiza katikati. Mama mmoja hata hakuinua kichwa. "Baba, mwambie mgeni wako anakanyaga ada ya mtoto."

Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, mitumbwi imelala kifudifudi, mchanga uko mtupu, umefagiwa na upepo. Mwalo ule ule. Mgeni wa wiki ile atasema Musoma ni pepo. Wa wiki mbili baadaye atasema nimemfanyia makusudi.

Nimeanza kuwapangia kwa kalenda. Pasaka inahesabiwa kwa mwezi mpevu, ni Jumapili inayoufuata, kwa hiyo mgeni wa Pasaka mara nyingi anapata mchanga. Idi el-Fitr inakuja na mwezi mwandamo, giza bado lipo, kwa hiyo mgeni wa Idi anapata dagaa. Idi el-Haji ni siku ya kumi ya mwezi mwandamo, mwezi umekaribia kupevuka, kuna nafuu. Krismasi haina mpango wowote na mwezi, ni bahati nasibu, na ndiyo sikukuu ambayo ukoo mzima unaamua kuja.

Juzi shemeji amepiga simu. Amesikia habari ya Pasaka, ameshaomba ruhusa kazini na kaptura ameifua. Sikutaka kumvunja moyo, lakini Pasaka inaangukia masika. Nimemwambia mchanga atapewa wote, aje na mwavuli.