Mavyaa, Darsa na Poti 80

Mavyaa wangu halali bila darsa. Baada ya isha hujinyoosha mkekani, ukumbini kwetu Shika Adabu, Mombasa, akafungua simu na kusikiliza mawaidha yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta kuukuu iliyo chini ya cherehani. Kompyuta hiyo ndiyo seva yetu. Inaendesha Apache, na watoto wa majirani huja barazani wakaingia kwenye waifai kusoma mitihani ya miaka iliyopita bila kununua bando. Waya wa intaneti wa chini ya bahari, TEAMS, ulitua Mombasa kutoka Fujairah mwaka wa 2009, na twashukuru, lakini mtoto asiye na pesa ya bando waya ule haumfai kitu. Ndiyo maana seva hii sipendi ichezewe.

Ijumaa moja mtoto wa kaka yangu alikuja kulala kwetu. Kijana mwerevu, ila ana pupa. Aliomba kuongeza folda ya nyimbo zake za taarabu, nikamruhusu, nikarudi jikoni kwa viazi vya karai. Katika faili la mipangilio akafungua <Directory>, akasahau kuifunga kwa </Directory>. Kabla ya kuligusa faili hilo, alikuwa ameandika `sudo apachectl stop`.

Darsa likakatika katikati ya dua.

"Nani kanizimia shekhe?"

Kijana akapiga `sudo apachectl start`, na kila akipiga programu inamwambia pana kosa na inamtajia mstari wenyewe. Hakusoma. Akakumbuka amri aliyofunzwa na rafikiye, `sudo python3 -m http.server 80`, akaiwasha kwenye dirisha jingine. Ikawaka kweli, lakini kutoka folda aliyokuwamo yeye. Mavyaa alipogusa simu akakuta orodha ya taarabu.

"Astaghafirullah! Mwanangu, darsa langu mmelipeleka wapi?"

Nikaepua karai, nikaketi naye. "Andika `sudo apachectl configtest`. Sasa soma."

"Nimeona, shangazi. Sikufunga."

Akafunga. `Syntax OK`. Tukaiwasha, ikakataa tena, safari hii ikisema anwani inatumika. Ile Python ilikuwa ingali imeikalia poti 80. `sudo ss -ltnp` ikatuonyesha jina lake na namba yake, na kijana papo hapo akaandika `sudo kill -9`. Nikamshika mkono. Hiyo haiipi programu hata nafasi ya kufunga mafaili yake. `kill` tupu hutuma ombi, programu ikalisikia ikajimaliza yenyewe. Kwa kiseva kile pengine isingedhuru, lakini mkono uliozoea -9 siku moja huishukia hifadhidata ya watu.

Tukaizima Python kwa `kill` hiyo tupu, Apache ikawaka, shekhe akarudi. Kumbe folda ya taarabu bado imefungwa: hakuandika `Require all granted`, na Apache 2.4, kwa mipangilio yake ya kawaida, bila ruhusa hiyo hujibu 403. Kijana akaongeza mstari, akanitazama, kidole juu ya kibao.

"Usizime. Bibi yako anasikiliza."

Hapa ndipo nilipotaka afike. `stop` hukata kila anayehudumiwa, awe bibi mkekani au mtoto barazani aliyefika nusu ya karatasi ya hesabu. `graceful` hufanya anavyofanya mwenye nyumba muungwana: wageni walioko mezani humaliza sahani zao, na wanaoingia ndio wanaoandaliwa upya. Mchakato mkuu husoma mipangilio mipya, watoto wake wa zamani humaliza kazi waliyoishika ndipo waondoke. Kwa mtu anayehudumia wengine, sioni sababu ya kuanza na amri nyingine yoyote.

Akapima kwa `configtest` bila kuambiwa, kisha `sudo apachectl graceful`. Darsa likaendelea neno kwa neno. Akafungua folda yake kwenye simu, sauti chini kabisa, na bado mavyaa akaisikia.

"Hiyo nayo ndiyo nini?"

"Taarabu, bibi. Ya zamani."

"Ya zamani ya nani? Lete hapa, darsa likiisha."