Nshomile wa Rafuni

(Banda la kinyozi Muleba mjini, kando ya barabara ya kwenda Bukoba. Ni Jumapili usiku, kesho shule zinafunguliwa. Rafuni wako Mashine ya kunyolea na Tyubu ya krimu iliyominywa nusu.)

MASHINE: Leo nimepita vichwa vya nusu ya shule.

TYUBU: Na mapunye umegawa kwa wangapi, mzee?

MASHINE: Chunga ulimi! Napewa kichwa, nanyoa. Yule wa asubuhi alikuja na mabaka ya duara, magamba na vidoti vyeusi vya nywele zilizokatika. Mama yake akasema nyoa zote, mwalimu hataki nywele.

TYUBU: Baada yake?

MASHINE: Mdogo wake. Kisha mtoto wa jirani. Kisha binamu yao kutoka Kamachumu, aliyekuja likizo tu, maskini.

TYUBU: Bila spiriti?

MASHINE: Nilipigwa brashi! Halafu nikapulizwa kwa mdomo, fuu.

TYUBU: Ndiyo maana nipo. Mimi nshomile, waitu. Mwili mzima nimeandikwa Kiingereza. Ndani yangu mna dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Siku ya tatu muwasho kwisha, wekundu kwisha, mteja ananisifu mtaa mzima.

MASHINE: Na mwezi ukiisha?

TYUBU: Ananunua tyubu nyingine.

MASHINE: Yule dada muuza dagaa wa Kemondo alikuwa na baka moja la choa shingoni. Wewe umemtibu mpaka limeteremka kifuani, tena limepoteza umbo. Hata daktari akilitazama halitambui.

TYUBU: Lakini haliwashi! Steroidi yangu inaubembeleza mwili usipigane.

MASHINE: Mwili umelala, fangasi inatamba. Si angepaka Whitfield tu?

TYUBU: Yule mshamba? Asidi ya benzoiki 6%, ya salisiliki 3%, basi. Tangu enzi za daktari Arthur Whitfield wa London hajabadilisha hata shati.

MASHINE: Haya, msomi. Kichwani unaingiaje? Fangasi imejificha kwenye shina la unywele.

TYUBU: Naingia… juu juu.

STERILAIZA (kutoka pembeni, taa yake imeungua zamani, tumboni mna chaja ya simu): Mapunye ni ya vidonge, ndugu zangu. Griseofulvini, kila siku, wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta. Maziwa yanafaa. Na senene wa kukaanga, msimu ukiwa mzuri.

TYUBU: Wiki 8! Magamba yakipungua wiki ya pili, mama ataweka vidonge juu ya kabati.

STERILAIZA: Ndipo yanaporudi. Na wanaolala na mgonjwa kitanda kimoja wakaguliwe wote; kofia na taulo zichemshwe, kila mtu na kitana chake.

MASHINE: Unajua yote hayo, na mimi hujanisafisha hata siku moja?

STERILAIZA: Kwa taa gani? Tena hata ingewaka, mwanga haupenyi nywele zilizobanana kwenye meno yako. Meno yavuliwe, yasuguliwe, yalowekwe kwenye dawa, baina ya kichwa na kichwa.

MASHINE: Foleni ikiwa mpaka barabarani?

STERILAIZA: Mpaka Bukoba.

MASHINE: Sasa wewe hapa unafanya kazi gani?

STERILAIZA: Natunza chaja. Na mteja akiniona, roho yake inatulia.

TYUBU: Kumbe! Sogea huku rafuni, mwenzangu. Sisi ni wa fani moja.