Barua ya Wazi Kuhusu Ankara ya Kufyeka Pagale

Kwa Halmashauri zote za Mtwara zenye dhamana ya usafi, kuanzia Mikindani hadi Kitaya, ukingoni mwa Mto Ruvuma.

YAH: GHARAMA ZA KUSAFISHA MAPAGALE NA ANAYESTAHILI KUZILIPA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mamlaka inapongezwa kwa ari yake ya usafi, ambayo tangu 9 Desemba 2015, pale sherehe za Uhuru zilipofutwa na wananchi wakatakiwa kushika mafagio, imezaa matangazo na notisi kwa kasi isiyofikiwa hata na majani ya masika. Sheria ndogo, yaani kanuni ambazo halmashauri hujitungia kwa ajili ya eneo lake, humtaka mmiliki afyeke kiwanja chake na kuondoa kero, kwa maana ya chochote kinachohatarisha afya ya jirani; akipuuza notisi, halmashauri huweza kuifanya kazi hiyo yenyewe kisha ikamdai gharama. Miji mingi ya Marekani huenda mbali zaidi, kwani huko deni la kufyeka hushikamana na nyumba, hata anayeinunua huinunua pamoja na majani yake.

Utaratibu huo mzuri una upungufu mmoja tu, nao ni kwamba unahitaji mmiliki anayeonekana, ilhali pagale, yaani nyumba iliyoachwa kabla haijakamilika, halina wa kubishiwa hodi. Nondo zimechomoza juu ya nguzo kama vidole vinavyoomba bati, mpapai umesimama sebuleni na tayari unazaa, na shimo la choo lililochimbwa bila kufunikwa limejaa maji ya mvua yanayolea mbu wa mtaa mzima. Ukutani imechorwa X kubwa kwa rangi nyekundu, alama ya amri ya kubomoa, ambayo mbu hawaisomi, na mmiliki haioni kwa kuwa yuko Dar es Salaam.

Hekima ya Serikali imeongeza utamu katika jambo hili. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ambapo nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme wa kuwashia taa moja hukatwa kodi ya nyumba isiyo yake, kisha huachiwa kazi ya kumkumbusha mwenye nyumba, huku pagale, kwa kuwa halina mita, likiupita mtego huo salama usalimini. Anayefagia uwanja na kuwasha taa hukatwa. Anayeuacha mpapai uote sebuleni hana pa kukatiwa.

Mamlaka ikitaka kujua ni nani aliyesimamisha ujenzi wa mapagale mengine, haina haja ya kutafuta mbali. Mtwara nyumba hujengwa kwa misimu: mkulima hununua saruji baada ya mnada wa korosho, hupandisha ukuta mpaka fedha ziishe, kisha hungoja mnada mwingine. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi, na kuta zikangoja pamoja nao. Mkulima huyo sasa anaweza kuletewa notisi, bila kuchelewa hata siku moja, kwa kosa la kuchelewa kupaua.

Kitaya nayo imeongeza aina ya gofu ambayo watunga sheria ndogo hawakuiwazia. Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakaua watu na kuchoma nyumba, na wakazi wakakimbia. Kuta zenye masizi na vichaka vilivyozizunguka ni kero kwa kipimo cha afisa afya yeyote, lakini notisi hujua kuuliza jina la mmiliki tu, haiulizi jina la aliyewasha kiberiti. Kwa kuwa deni humfuata anayepatikana, atakayepatikana ni yule aliyerudi na panga lake kufyeka.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kila pagale lifungiwe mita ili kodi ilione. Kwamba siku ambazo mkulima alingoja fedha za korosho zipunguzwe kwenye siku za notisi. Kwamba ankara za Kitaya zihifadhiwe hadi waliochoma watakapokuja kuzichukua wenyewe. Na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku iliyotengwa kwa usafi, Mamlaka ianze na viwanja vyake yenyewe. Ikiona aibu, ikumbuke kwamba mradi wa karanga wa Waingereza, uliovunjwa mwaka 1951, ulizaa reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, ambayo iling'olewa miaka ya 1960, na haijasikika kwamba London iliwahi kupelekewa ankara ya kufyeka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpenda Usafi

Nakala: Mwenye nyumba, kwa taarifa.
Mpangaji, kwa malipo.