Maji Moto

Kwa muda wa miaka yote niliyoutumikia ukarani, na mingine kadhaa ya kustaafu, nimekuwa nikijihesabu miongoni mwa watu waijuao lugha, na kila neno geni lililonipita sikioni nililitia katika daftari langu pamoja na maana yake, lijapokuwa jina la mti ambao sijapata kuuona au la mdudu ambaye, alhamdulillahi, hajapata kuniona. Kwa hivyo, mpwa wangu aliponijia na habari kwamba watu wa mtaani wanakwenda Jozani kutembezwa msituni na kufunzwa habari za miti na wanyama, sikukubali kufuatana nao kwa tamaa ya kujifunza. Nilikubali kwa kuchelea kwamba kiongozi atakosea majina.

Mke wangu alininasihi nivae suruali na viatu vya kufunga. Nilimjibu kwamba sijapata kutoka mjini bila ya kanzu, na kwamba kima hawatazami nguo. Basi nikashika njia na kanzu yangu nyeupe, kofia ya vito, bakora, na makubadhi mapya ambayo moja katika hayo hivi sasa limo matopeni na halitarajiwi kurudi.

Msitu huo pamoja na Ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, yapata kilomita 50 za mraba, nayo ndiyo ya pekee Zanzibar. Nami, mzaliwa wa kisiwa hiki, nilikuwa nimeupita mara nyingi dirishani mwa gari nikienda mazikoni na harusini, bila ya kuteremka hata siku moja. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa vijiji vya jirani, mpole mno, asemaye kwa kunong'ona. Akatupa masharti: tusiwasogelee kima, tusiwape chakula, wala tusipige kelele. Kwa hili la mwisho nilimwona akinitazama.

Kima punju wenyewe hawakutuchosha kuwatafuta. Walikuwa juu ya matawi ya karibu, migongo myekundu, nyuso nyeusi zilizozungukwa na nywele nyeupe zilizotimka kama za mzee aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Kijana akatueleza kwamba mnyama huyu asili yake ni Unguja tu, hana dole gumba, na matunda matamu yaliyoiva hayamfai, kwa kuwa tumbo lake lina vyumba vyumba na sukari humchafukia humo. Chakula chake ni majani na matunda mabichi, hata majani ya mkungu na ya mwembe ambayo yana vitu vya kuudhi tumbo. Na akisha kushiba hayo huenda majikoni mwa watu akaiba makaa, akayatafuna, tumbo likatulia.

"Lahaula!" akasema bibi mmoja nyuma yangu. "Na wifi yangu wa kijijini Pete miaka yote anamtuhumu mkaza mwanawe!"

Hapo nikaona wakati wangu umefika. Nilishika tawi la mti mdogo uliokuwa kando yangu, kama mtu ashikavyo ukingo wa mimbari, nikaanza kuwabainishia wenzangu kwamba punju maana yake ni sumu, na kwamba watu wa zamani walimwita kima huyu hivyo kwa kumdhania madhara asiyokuwa nayo.

"Mzee wangu, niwie radhi," alinong'ona kiongozi, "si adabu kumkatiza mkubwa kauli yake, lakini—"

"Ngoja, mwanangu, nimalizie."

Akangoja. Hakika kijana yule amelelewa vizuri, na laiti angalilelewa vibaya kidogo. Nilipovuta pumzi akapata nafasi, akasema: "Mzee, maji moto!"

"La, ahsante," nikamjibu, "nimekwisha kunywa chai."

Neno hilo limo daftarini mwangu, kwa khati yangu mwenyewe: maji moto, chungu wekundu wakaao mitini, waumao sana. Yaliyofuata sitayasimulia kwa ukamilifu, kwa kuwa walioyashuhudia wangali hai. Nitasema tu kwamba kanzu ni vazi la sitara kwa kila jambo isipokuwa kwa kitu kilichokwisha kuingia ndani yake. Bakora ilikwenda huku na kofia kule. Sharti la kelele nililivunja peke yangu kwa niaba ya wote. Na kima mmoja aliyekuwa juu yetu aliacha kutafuna, akanitazama, kisha akaendelea na jani lake.

Yule bibi akatoa kanga kikapuni, mpwa wangu akanikingia nyuma ya mtondoo. Nami nikiwa huko nasaka adui mmoja mmoja, kiongozi, kwa kuwa watu wamelipia darsa, akanipa kisogo kwa heshima na kuwaonyesha nyumba ya wauaji wangu: majani mabichi yaliyoshonwa pamoja kwa nyuzi. Wakubwa, alisema, huwashika mabuu wao vinywani na kuwapitisha ukingo hata ukingo, na mabuu hutoa uzi kama hariri. Nilichungulia juu ya kanga. Ushonaji ule, nasema kwa insafu, ulikuwa bora kuliko wa kofia yangu.

Mikokoni tulipofika, tukiwa juu ya njia ya mbao, mtu akauliza jina la mti uliokuwa mbele yetu, na wote wakanigeukia. Nikanyamaza. Kijana akasema ni mkandaa, na kwamba boriti nyingi za nyumba za mawe mjini zimetoka katika miti ya mikoko kama hii, ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba, kwani boriti hazizidi urefu wake. Nimelala chini ya boriti hizo tangu kuzaliwa. Niliinama niutazame mti vizuri zaidi, na hapo ndipo nilipoagana na kubadhi langu.

Nilifika nyumbani magharibi, mguu mmoja mtupu, shingo imevimba. Mke wangu hakuuliza neno. Alinitazama tangu kofia hata kidole, akaingia ndani, kisha nikamsikia akiita kutoka uani: "Maji moto tayari!"

Nilioga ya baridi.